Umri wa Mbuyi

Tulipomaliza matanga ya mama, dada zangu wawili, waliozaliwa baadaye, walinisukumia sanduku lake la bati kwa sababu wao hawakuwa na moyo wa kulifungua. Ndani mlinuka naftalini na mafuta ya cherehani, na kila nilichotoa kilikuwa shati. Shati la mtoto. Vitambaa vilitofautiana, vya miraba, vya maua, vya khaki ya shule, lakini kipimo kilikuwa kimoja kuanzia la chini kabisa hadi la juu: mtoto wa miaka saba, mwembamba kifuani. Dada zangu walidhani aliwashonea wajukuu akasahau kuwapa. Sikuwasahihisha. Mtoto mwenye mashati yale ninamjua, na aliyemfundisha mama kushona kipimo kimoja mwaka hadi mwaka ni mimi. Kwa somo hilo hilo nilisababisha mtu afukuzwe nyumbani kwetu.

Jina langu ni Kabanga, kwa hiyo msomaji wa kwetu ameshajua kwamba kulikuwa na Mbuyi. Sisi Wakasai hatuwachagulii mapacha majina. Anayetangulia kutoka ni Mbuyi, anayefuata ni Kabanga, basi. Tulikuwa tukikaa Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi, mama akishona nguo za watu barazani, papa akiwa karani kwenye depo ya unga. Pamoja nasi alikuwepo Kaku, bibi yetu mzaa papa, ambaye alisafiri kwa treni kutoka Kasai na sheria zote za mapacha, mapasa kama alivyowaita, bila kudondosha hata moja njiani. Kinachopewa mmoja sharti mwenzake apewe, saa ile ile. Nikichapwa mimi, Mbuyi naye aliguswa na fimbo ingawa hana kosa. Akipewa dawa ya minyoo, mimi niliimeza pia, minyoo niwe nayo au nisiwe nayo. Shati likishonwa, yalishonwa mawili kwa kitambaa kimoja. Tulizoea hivyo, na kusema kweli tulifaidi.

Tofauti yetu ilikuwa moja. Mbuyi alipenda kutangulia. Alinizidi dakika chache tu, lakini alizitumia dakika zile kama cheo: yeye kwanza bafuni, yeye kwanza kwenye sahani ya samaki. Mimi nilingoja zamu yangu, na zamu ilikuja siku zote, maana Kaku alisimamia.

Halafu akaja Donat, mtoto wa dada yake papa, kutoka Mbuji-Mayi. Alikuja kusoma fizikia chuo kikuu na akalala chumba kimoja na sisi. Alikuwa mrefu, mpole, na alikula akisoma, mkono mmoja kwenye bukari, ugali wetu, na mwingine kwenye kitabu, mpaka Kaku akamwambia siku moja atatia karatasi kwenye mboga. Sisi tulimwita Yaya, yaani kaka mkubwa, na tulimpenda kupita kiasi. Alikuwa mtu mzima wa kwanza aliyetujibu tulipouliza.

Alasiri moja tulimkuta uani na daftari lake.

"Yaya, uko nasoma nini?" Mbuyi akauliza.

"Mambo ya wakati," Donat akasema. "Muntu mwenye kuenda mbio sana, wakati yake inapita polepole. Benye kubakia, yabo inapita mbio."

Hatukuelewa, na alijua hatukuelewa. Akaipindua ndoo chini juu, akamkalisha Mbuyi juu yake. "Hii njo ndege yako. Inaenda mbio, karibu sawa mwangaza. We Kabanga, bakia pale ku mulango." Akaitikisa ndoo huku akinguruma kwa koo, na Mbuyi akashikilia ukingo kwa mikono miwili. Kisha Donat akaja kwangu na unga kidogo wa mahindi, akanipaka kidevuni. "Kule kwa Mbuyi kumepita mwaka moja. Huku kumepita myaka makumi tano. Sasa anarudia. Muangaliane. Mbuyi iko mutoto bado, Kabanga iko muzee."

Mbuyi alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, nilitaka zamu yangu. "Na mi sasa," nikasema. Donat alikuwa ameshaisogeza ndoo upande wangu mama alipotuita kula. "Kesho," akaniambia. Kesho yake alikuwa na mtihani, na keshokutwa tukasahau.

Miezi michache baadaye Mbuyi akaanza kuchoka. Tulikuwa tukicheza mpira naye anakaa chini katikati ya mchezo, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Waganga wa hospitali walisema ni moyo, kuna tundu ndani yake tangu kuzaliwa, na tundu lile halizibwi hapa kwetu. Watu wa parokia walihangaika pamoja na papa mpaka ikapatikana njia ya kumpeleka Afrika Kusini kwa ndege, yeye na papa. Kaku alitaka mimi nami niende. Hata tundu la moyo, kwake, lilikuwa kitu cha kugawana sawa. Haikuwezekana. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yetu kwamba mmoja alipata kitu na mwenzake hakukipata, na uwanjani nililia kwa wivu. Ninalisema hili waziwazi kwa sababu limenikaa rohoni: sikulia kwa kumhurumia ndugu yangu, nililia kwa sababu alipanda ndege.

Donat alinibeba mabegani ili nione. Ndege ikakimbia barabarani, ikainuka.

"Yaya, inaenda mbio?"

"Sana."

"Karibu sawa mwangaza?"

Alikuwa akipangusa macho na hakunitazama. "Karibu," akasema.

Siku hizi ninajua hesabu yenyewe. Ukichukua saa mbili zinazokubaliana, moja ukaipandisha ndege na nyingine ukaiacha nyumbani, ile iliyosafiri itarudi imepishana kidogo na mwenzake, lakini kidogo kile ni kidogo kuliko kupepesa jicho, ungezunguka dunia nzima. Ili mmoja arudi mtoto na mwingine awe mzee inatakiwa mbio ambazo hakuna chombo cha binadamu kilichozifikia. Donat aliyajua hayo. Ila alikuwa na mtoto analia mabegani mwake, na alikuwa kijana.

Papa alirudi peke yake. Aliniambia Mbuyi amebaki kwa waganga, bado wanamtunza, kisha akaingia ndani akalala mchana kutwa na viatu. Nilimwona ana mvi kidevuni ambazo hakuondoka nazo. Hizo ndizo zilizonisumbua zaidi ya yote, maana papa alisafiri, na msafiri hazeeki. Niliwaza siku kadhaa, mwisho nikaamua kwamba wakati wa kurudi alipanda lori.

Nyumba ikawa na mambo ya ajabu. Majirani wanawake walikuja wengi, wakaketi mkekani, na kila nilipotokea walianza kuzungumza bei ya unga. Mama alianza kuoga mara nne kwa siku. Nilisikia maji yakimwagika kwa muda mrefu, akatoka na macho mekundu, nikadhani ni sabuni. Mezani nilipewa vipande viwili vya nyama, changu na cha Mbuyi, na cha Mbuyi kikafunikwa. Hakuna aliyevaa nyeusi. Hakuna aliyepiga yowe. Kaku alikuwa amekataza: pacha aliyebaki, akiwa bado mdogo, asiambiwe, wala asisikie kilio, la sivyo atamfuata mwenzake. Nyumba nzima ilimtii. Wakristo watupu, wanakwaya, watu waliosoma, na hakuna aliyethubutu kumpinga, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa yeye ndiye aliyekosea ikiwa siku moja mimi nami nisingeamka.

Mimi sikuwa na huzuni. Nilikuwa na hesabu zangu. Mbuyi yuko mbioni, kwake wakati unapita polepole, ndiyo maana anakawia. Kwetu miezi imepita, kwake labda bado ni wiki ile ile. Nilimwonea fahari na nikaendelea kumwonea wivu.

Mwaka mpya wa shule ulipokaribia, mama alinipima kwa utepe wake, mabega, kifua, mkono. Nilikuwa nimerefuka. Akatandika kitambaa cha khaki mezani akakikunja mara mbili ili akate mashati mawili kwa mkato mmoja, kama desturi. Nilimwona anakosea, nikaona nimsaidie.

"Mama, ya Mbuyi usiikate hivi. Ukate ya kadogo, ya mwaka ule."

"Juu ya nini?"

"Ye hatakomea tena, anabakia kadogo. Shiye benye kubakia njo tunakomea. Ye iko saba tu."

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"Nani alikuambia vile?"

"Yaya Donat," nikasema. Nilitegemea afurahi kwamba Donat anatufundisha.

Aliuacha mkasi pale pale, akaenda bafuni.

Jumapili, tukitoka misani, papa aliketi sebuleni na Kaku na kaka yake mkubwa aliyekuja kutoka upande wa Kasungami. Mama aliketi kwenye cherehani, ametupa kisogo. Wakamwita Donat. Niliambiwa nicheze uani, lakini haikuchukua muda nikaitwa nami. Donat alikuwa amesimama katikati na jasho puani.

"Papa, mi sikumuambia kintu," alikuwa akisema. "Muulizeni."

Papa akaniuliza kwa upole Donat aliniambia nini kuhusu Mbuyi. Nikasimama kama darasani na kueleza yote: ndege, mwangaza, mwaka mmoja na miaka hamsini, mtoto na mzee. Nilieleza vizuri, ninajua, kwa sababu nilimwona Donat akianza kupumua. Mabega ya papa yakashuka. Kaka yake papa hata alitabasamu. Walikuwa wameelewa kwamba sijui lolote, kwamba ni masomo ya kitabuni yamepita kichwani mwa mtoto. Mambo yangeishia hapo, Donat angerudi kwenye daftari lake, na angekuwa leo profesa.

Kaku akaniuliza, "Alikuelezea ile siku gani?"

"Zamani. Mbele Mbuyi agonjwe."

"Na ndege ile, nani alipanda?"

"Mbuyi."

"Na we?"

"Mi hapana. Mama alituita kula."

Ninaikumbuka furaha yangu ya kujibu maswali matatu bila kukosea. Kaku alimgeukia Donat, na hakupaza sauti, Kaku hakuwahi kupaza sauti.

"Donat, ulitwala mapasa, ukabagawanya. Moja ukamutuma, mwingine ukamuzeesha. Na mwingine hakupanda."

"Kaku, ni mufano tu. Iko mu kitabu. Mu kitabu njo banasema mapasa."

"Mwenye kuandika kile kitabu, ye alizalaka mapasa?"

Nadhani Donat hakuwa amewahi kujiuliza. Papa alimtazama mama, na nilikuja kuelewa baadaye alichokuwa akitafuta: papa hakuamini kwamba maneno ya uani yanatoboa moyo wa mtoto, tundu lilikuwepo tangu tumboni, yeye mwenyewe aliliona kwenye picha ya hospitali. Alihitaji mtu mmoja tu aseme hivyo pamoja naye. Mama hakugeuka. Mguu wake ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani na hakulikanyaga.

"Mwanangu," papa akasema, "utafute fasi ingine. Humu hapana tena."

Akaondoka kesho yake na begi moja na vitabu vimefungwa kwa kamba. Nilimsindikiza hadi lango, bado sijaelewa anakwenda wapi wala kwa nini.

"Yaya, Mbuyi atarudia siku gani?"

Alikuwa na haki ya kuniambia. Walikuwa wamemfukuza, hakuwa na cha kupoteza. Aliinama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imeshafungwa. "Uliza papa yako," akasema, akaenda. Tulisikia yuko Kipushi kwa rafiki yake. Chuo hakukimaliza.

Hakuna aliyewahi kuniambia Mbuyi amekufa. Nilikuja kujua kidogo kidogo, kama mtu anavyojua kiatu kimeanza kumbana, na nilipokuwa na miaka kumi na miwili hivi nilikuwa najua kabisa. Nikaendelea kunyamaza kwa sababu wao walinyamaza. Kaku alifariki hajaniambia, papa alifariki hajaniambia. Mama aliendelea kushona mashati mawili kila mwaka, langu likikua, la pili likibaki kipimo kile nilichomwagiza, na mimi nilivaa langu na sikuuliza la pili linakwenda wapi. Tulidanganyana kwa heshima. Na siku nilipoelewa kuhusu Mbuyi ndiyo siku niliyoelewa kuhusu Donat, kile ambacho mdomo wangu ulimfanyia. Kipushi si mbali, mtu anaenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Ilinichukua karibu miaka thelathini.

Nilimkuta kwenye duka dogo la kutengeneza simu na redio, karibu na njia ya wafanyabiashara wanaovuka mpaka. Nywele nyeupe zote. Alinisogezea kiti.

"Kabanga," akasema. "Nilikuwa ku makaburi, nyuma kabisa. Nilimuzika mama yako na miye."

Nilikuwa nimejiandaa maneno ya kuomba msamaha tangu Lubumbashi na yote yakanitoka ovyo, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba sikujua. Alinyoosha mkono ninyamaze.

"Mama yako alikuwa anakuyaka hapa."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Kila mwaka, mu siku za baridi. Anaikala pale penye uko. Anasema, Donat, nielezee tena ile ya mapasa. Mi naeleza. Kisha anauliza, sasa iko na myaka ngapi? Natwala karatasi, napiga hesabu. Saba na mwezi moja. Kisha myaka ine, saba na miezi mbili." Alikuwa akizungumza huku bisibisi iko mkononi. "Anaikala analia, analia mpaka anashiba. Hapa hakukuwa muntu wa kumukataza. Kisha ananawa uso, anarudia kwenu."

"Alikuomba msamaha?"

"Hata siku moja. Na mi sikumuuliza. Siku ya mwisho alisema, akirudia leo, atanijua, na hizi mvi? Nikamuambia ndiyo. Pale nilimudanganya. Hesabu haisemake kintu juu ya kujuana."

Nilitazama nje. Wanawake walikuwa wanapita na magunia ya unga kichwani. Nilifikiria mama akirudi njia ile kila mwaka, uso umenawishwa, akituambia alikuwa sokoni. Sikumchukia kwa kukaa kimya Jumapili ile, au labda nilimchukia kwa dakika moja kisha ikapita. Sijui kwa nini niliuliza nilichouliza. Labda niliona vibaya desturi yake ife naye.

"Na leo, Yaya? Iko na myaka ngapi?"

Donat aliweka bisibisi chini. Hakuchukua karatasi.

"Kabanga," akasema, "Mbuyi alikufa. Alikufa siku ya tatu kisha kumupasua. Papa yako alimuzika kule, peke yake."

Mimi ni mtu mzima, nina watoto, nina ndevu ambazo zimeanza kubadilika rangi bila kupakwa unga. Nilijua. Lakini maneno yale hakuna aliyewahi kuyatamka mbele yangu, na yule aliyefukuzwa akidhaniwa ameyatamka ndiye aliyeyatamka, amechelewa zaidi ya miaka thelathini, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu swali. Nikapiga yowe kama wanavyopiga wanawake wa kwetu msibani, mpaka wapita njia wakasimama. Donat aliinuka akavuta mlango wa duka, akarudi akaketi karibu yangu, na hakuniambia ninyamaze.